SA Saba, Saa Saba

Siku niliyoripoti kazini Nachingwea, katikati ya miaka ya sabini, Msimamizi wa Mawasiliano hakuniuliza cheti. Aliniketisha mbele ya simu ya upepo, akanivisha spika za masikioni, akasema, "Sikiliza tu. Usiguse kitu." Nikasikiliza mpaka mchana. Nilisikia mlio kama wa mvua juu ya bati, na ndani ya mvua hiyo sauti za watu wakiita majina ya vituo. Aliporudi akaniuliza nimeelewa nini. Nikamwambia sijaelewa kitu.

"Vizuri," akasema. "Wanaoelewa siku ya kwanza ndio wanaonipa taabu."

Vijana mliokulia na simu mkononi, niwaeleze kidogo. Simu ya upepo ilikuwa sanduku la chuma lililokula betri ya gari, na waya mrefu wa antena uliofungwa kati ya milingoti miwili nje ya ofisi. Hewani husema mmoja tu kwa wakati. Unabonyeza kitufe, unasema, na ukimaliza unatamka "ova", yaani zamu yako. Mwenzako akikupata anajibu "roja". Maneno yawe machache, kwa sababu betri haina huruma. Juu ya yote hayo kulikuwa na kanuni moja kubwa: anayepokea ujumbe aurudie wote, neno kwa neno, na aliyeutuma athibitishe.

"Binti," Msimamizi alikuwa akiniambia, "masikio yanadanganya. Kurudia hakudanganyi."

Mimi nilitoka Singida, yeye alitoka Kilimanjaro, na fundi wa betri alikuwa Mmwera wa Kiegei. Kiswahili kilituunganisha vizuri mpaka zilipoingia herufi za mkato. Masafa tuliyotumia yaliandikwa HF. Msimamizi alisema eichi-efu. Fundi alisema hefu.

"Hefu ni kitu gani?" Msimamizi aling'aka.

"Si imeandikwa hapo, mzee? He na fu. Hefu."

"Hakuna irabu hapo!"

"Irabu natia mwenyewe. Bila irabu ulimi unakwama."

Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Lakini nilijifunza kwamba fundi hakuwa mjinga. Alikuwa anafuata lugha yake, ambayo haipendi neno liishie hewani bila pa kutua.

Baadaye nilihamishiwa kituo kidogo cha Ruangwa. Huko bosi wangu alikuwa Katibu Tarafa, mtu mchangamfu aliyependa Kiswahili kama wengine wanavyopenda mpira. Siku ya kwanza alinisikia nikiita Nachingwea kuuliza habari za SA. Hiyo ni salfeti ya amonia, mbolea nyeupe ya chembechembe kama sukari, ya kukuzia mahindi yakishafika magotini. Nilisema esi-ei, kama nilivyofundishwa.

"Ndugu yangu," Katibu Tarafa akasema, "Mwingereza ameshaondoka. Hiyo esi-ei unamwitia nani? S na A ni sa. Tunasoma kilichoandikwa."

Basi nikawa na mabosi wawili na ndimi mbili. Nilifanya kama wengi wanavyofanya: nilimtii aliyekuwa chumbani.

Mwaka ule bwana shamba wa Nkowe alikuwa na shamba moja la mfano, la Bi Somoe, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake, na wajomba zake hawakutaka mbolea. Walisema inaunguza ardhi. Walimkubalia msimu mmoja tu. Mahindi yakishindwa, shamba linarudi mikononi mwao, wanapanda ufuta, na yeye atafute pengine. Mahindi yakafika magotini, yakaanza kupata rangi ya manjano, na mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni. SA ilitakiwa wiki ile ile.

Bwana shamba alikuja kwa baiskeli, amelowa, akaomba mifuko saba. Katibu Tarafa akaniagiza ujumbe, mfupi kama ilivyotakiwa, nami, yeye akiwa kando yangu, nikautuma:

"Lori la Alhamisi, Nkowe, SA saba. Ova."

Msimamizi akarudia kule Nachingwea: "Lori la Alhamisi, Nkowe, saa saba. Ova."

"Sahihi kabisa," nikasema. Kila neno nililolitoa lilirudi kama nilivyolitoa.

Alhamisi Katibu Tarafa alitaka niende naye Nkowe nikaone kazi ya sauti yangu. Tulikuta watu wamejaa kando ya shamba, wajomba wamekaa mbele. Lori ambalo maisha yake yote halikuwahi kufika kwa wakati, siku ile lilitokea jua likiwa limepita utosi kidogo tu. Watu wakapiga vigelegele. Akashuka Ofisa wa Maendeleo ya Kilimo wa Wilaya, ambaye kwa herufi za cheo chake cha Kiingereza tulimwita Dado, amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, anatazama saa yake.

"Mmeniita saa saba, nimefika saa saba," akasema kwa furaha. "Haya, mkutano uanze."

Bwana shamba alikwenda nyuma ya lori, akachungulia, akarudi taratibu. "Mzee, mbolea iko wapi?"

"Mbolea gani?"

"SA. Mifuko saba."

Mjomba mkubwa wa Bi Somoe ndiye aliyetangulia kuelewa. Alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Wameagiza saa, wameletewa saa! Haya mpwa wangu, imwage shambani!"

Dado akamgeukia Katibu Tarafa. "Hii ni esi-ei! Ni herufi, husomwa moja moja! Mkisema sa, nani atajua?"

"Herufi husomwa moja moja?" Katibu Tarafa akajibu. "Mbona wewe hatukuiti Di-Ei-Di-O? Tunakuita Dado, na unaitika."

"Hilo ni jina limeshazoeleka!"

"Na sa litazoeleka!"

Waliendelea hivyo, wakubwa wawili mbele ya wakulima, kila mmoja na hoja nzuri. Nami niliyetuma ujumbe nilisimama nikiomba ardhi ipasuke. Bi Somoe alisubiri wapumue, akasogea katikati yao.

"Baba zangu," akasema, "mahindi yangu hayajui kusoma. Yana njaa."

Sijasikia hotuba fupi iliyofanya kazi kubwa kama ile. Dado akaniuliza kama nikifika Ruangwa jioni ile nitapata mtu hewani. Nikamwambia nitapata. Akanipandisha kwenye lori, na Katibu Tarafa nyuma yetu, bado wanabishana lakini sasa wakicheka.

Kituoni nilibonyeza kitufe nikasema kwa ukamilifu: "Mbolea ya salfeti ya amonia. Ile nyeupe kama sukari. Mifuko, narudia, mifuko. Idadi, saba. Ova."

Msimamizi akasema, "Binti, betri."

"Najua, mzee. Rudia."

Akarudia yote. Kesho yake mifuko ilifika, na mvua iliyoinywesha ardhi mbolea ile ilinyesha siku zilizofuata, ya mwisho mwisho. Mahindi ya Bi Somoe yakageuka kijani kibichi hata aliyepita njiani na baiskeli akawa anapunguza mwendo. Shamba likabaki lake.

Dado alitoa agizo kwamba hewani tusitumie tena herufi za mkato kwa pembejeo, tutaje jina zima. Nililifuata agizo hilo, isipokuwa mara moja tu, miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, Ruangwa na kisha tena Nachingwea, mpaka nikastaafu. Sasa nawasikia wajukuu wangu wakigombana, huyu anasema waifai, yule anasema wifi, na dada yao anacheka kwamba wifi ni mke wa kaka. Wananiomba niamue. Siamui. Kila mmoja ana ulimi aliolelewa nao, na ninyi mnaoanza kazi msimwonee haya mwenzenu kwa namna anavyotamka. Muulizeni tu ana maana gani, kisha muulizeni tena.

Wajukuu hao huwa napenda kuwasimulia habari ya msimu uliofuata. Asubuhi moja alisimama mlangoni pa kituo yule mjomba mkubwa wa Bi Somoe, kofia mkononi.

"Bi Redio, niagizie mbolea."

"Ipi, mzee? Kuna za aina nyingi."

Aliwaza. Hakutaka kusema esi-ei, na sa ilimkumbusha alivyocheka. "Ile iliyomnenepeshea mpwa wangu mahindi."

Nikabonyeza kitufe, nikaomba mifuko miwili ya ile iliyomnenepeshea mpwa wangu mahindi, ova. Msimamizi wangu, mtu wa eichi-efu na esi-ei, aliyekwisha kusikia kisa cha Nkowe, alivuta pumzi nikaisikia hewani.

"Mifuko miwili," akasema, "ya ile iliyomnenepeshea mpwa wangu mahindi. Roja."

Ikaja ile ile, nyeupe kama sukari.