Jogoo Aliyenunuliwa Mara Tatu

Wachekeshaji wananichosha. Nasema hivyo kwa upendo, maana mimi Zita ndiye ninayewapandisha jukwaani kila Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wetu wa Soweto, hapa Moshi, na ndiye ninayewalisha chipsi wakibuma. Kubuma ni pale unapotoa kichekesho chako na watu wakaendelea kutafuna. Wakishika mbavu, tunasema kimeiva. Wasipocheka, bado kibichi, kirudishe mgombani.

Ndelilio ananichosha kuliko wote kwa sababu ndiye mzuri kuliko wote. Siku za kawaida anauza viatu vya mitumba soko la Kwa Sadala, na pale ndipo anapoivishia vichekesho vyake. Amekushika mguu anakupima kiatu, huku anakupigia stori; wauza ndizi wa pembeni wakisahau wateja wao, anajua mambo yameiva. Halafu anaanza kukata. Sheria yake ni moja: kisichochekesha, toa. Aliwahi kumtoa marehemu kwenye stori ya msiba, eti anachelewesha mambo.

Kilichompa jina ni kichekesho cha jogoo. Yeye ni Mlutheri wa Masama, amelelewa na shangazi yake, Tabitha, tangu akiwa na miaka minne, mama yake alipofariki. Kwao watu hutoa sadaka ya mazao na kuku, na baada ya ibada vinanadiwa pale nje ya kanisa.

"Shangazi yangu," huanza Ndelilio, "alimtoa jogoo wake sadaka. Mnada ukaanza. Jirani akataja bei. Shangazi akapandisha. Jirani akapandisha. Shangazi akamtazama jirani kuanzia kilemba mpaka kandambili, akapandisha tena. Akaondoka na jogoo wake mwenyewe, kwa bei ya mbuzi! Jumapili ya pili akamtoa tena, akamnunua tena. Ya tatu, kengele ilipolia tu, jogoo akaingia kikapuni mwenyewe!"

Watu hucheka mpaka machozi. Mwaka mzima jogoo yule alitujazia ukumbi.

Siku moja nilimuuliza kama shangazi yake anajua. "Zita, Shangazi ashuke Soweto kufuata nini?" akanijibu. "Hawezi kusikia."

Hebu fikiria. Mtu anaivisha kichekesho Kwa Sadala, soko ambalo Masama nzima hushuka kuuza ndizi na kununua chumvi, halafu anategemea Masama wasisikie! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Ndelilio hunyoa kipara.

Kila Jumatatu Shangazi Tabitha alikuwa akimshushia kikapu cha ndizi na maziwa. Kuanzia Oktoba kikapu kikakoma. Ndelilio akasingizia mvua. Alipopiga simu alijibiwa "salama" na "haya", basi. Yule ndiye mama pekee anayemkumbuka, na niliona anavyokonda. Alikuwa anaumia, lakini kuuliza sababu aliogopa.

Desemba ikafika, na kama ilivyo desturi yetu Wachaga, kila mtu akarudi nyumbani. Jumamosi baada ya Krismasi ukumbi ulifurika wageni wa Dar. Nikiwa mlangoni nikamwona kijana amemshika mkono mama mmoja aliyevaa kitenge cha kanisani na sweta juu yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Tabitha wa Masama, na huyu ni mwanangu Jackson. Nitafutie kiti cha mbele. Masikio yangu siku hizi hayafiki mbali."

Nilimkalisha, kisha nikakimbia nyuma ya jukwaa kumwambia Ndelilio. "Jogoo hawiki leo," akasema.

Akapanda na vichekesho vibichi vitupu. Alibuma, jamani, mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Wageni wa Dar wakatoa simu zao. Ndipo Shangazi Tabitha akainua mkono, kama yuko kwenye kikao cha ukoo.

"Ndelilio, simulia ya jogoo. Kwa Sadala wameisikia wote. Mimi bado."

Watu wakacheka, wakidhani tumepanga. Ndelilio akasimulia, na jogoo alipoingia kikapuni ukumbi ukapasuka. Shangazi hakucheka. Alisubiri watulie.

"Umemtoa mtu mmoja," akasema. "Nani alikuwa analia?"

Ndelilio akaketi kwenye ukingo wa jukwaa, mbele yake.

"Mimi," akasema.

Akaanza upya, safari hii bila kukata. Jogoo yule alikuwa wa Ndelilio mwenyewe, amemfuga tangu kifaranga. Jumapili ile nyumbani hapakuwa na kingine cha kutoa. Ndelilio, miaka saba, alipomwona jogoo ananing'inizwa miguu juu, aliikumbatia miguu ya mzee wa kanisa akapiga yowe mpaka mchungaji akatoka na joho lake. Shangazi akamnunua jogoo ili mtoto anyamaze. Lakini sadaka ni sadaka, hairudi nyumbani, kwa hiyo Jumapili ya pili akamrudisha, na yowe likaanza tena. Mara ya tatu mzee wa kanisa mwenyewe akamwambia, "Mama Tabitha, Mungu ameshapokea. Usimlete tena." Krismasi ile kwaya nzima ilishona sare mpya. Shangazi, pesa yake ya sare imeishia kwa jogoo, akaimba mstari wa nyuma na kitenge chake cha zamani.

"Nilijitoa kwenye stori," Ndelilio akasema, "kwa sababu nilikuwa sichekeshi." Akapangusa pua kwa mkono. "Jogoo mwenyewe hakulia hata kidogo. Alikuwa ananionea aibu."

Ukumbi ulilipuka, na Shangazi Tabitha akacheka mpaka Jackson akamshika asianguke kitini. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Jumatatu kikapu kikashuka: ndizi, maziwa, na jogoo mzima amefungwa miguu. Ndelilio akapiga simu upesi.

"Shangazi, asante kwa jogoo wangu."

"Wako? Huyo ni wa sadaka, amekuja kukufuata tu. Jumapili umlete."

Akampeleka. Nami nikamfuata, Mkatoliki wa watu, maana hilo nisingekosa. Mnada ukaanza, na Ndelilio akataja bei. Sauti nyuma yetu ikapandisha. Akapandisha. Sauti ikapandisha tena. Akageuka: alikuwa Shangazi Tabitha, mkono juu, macho kwa mzee wa kanisa.

"Pandisha, mwanangu," akasema. "Sasa ni zamu yako."

Ndelilio akapandisha.