Fimbo ya Juu ya Mlango

Siku mama mkwe wangu alinitoa kwa jikoni yake ili nianze kupika kwa nyumba yangu, alinipea vitu nne. Mawe ya meko, chungu, mwiko, na fimbo. Mawe nilibeba mimi, chungu nikabeba mimi, mwiko pia. Fimbo alimpatia mtoto wake, bwana yangu, na yeye akaidunga ndani ya nyasi ya paa, hapo juu ya mlango. Ukiingia inakuangalia. Ukitoka inakuangalia mgongo.

Nilikuwa msichana wa Karungu, nimeolewa huku upande wa Homa Bay, uhuru ilikuwa imekuja juzi tu. Nilikuwa na miezi kama minne kwa hiyo boma na sikuwa nimeona bwana yangu akikasirika. Hiyo ndio ilikuwa shida. Kwetu baba alikuwa anakasirika kila siku, unajua ataanzia wapi na ataishia wapi. Lakini huyu alikuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa fundi wa nguo, anashona kwa veranda ya duka ya Mhindi kule mjini, na mimi naona alizoea kushika pini kwa mdomo mpaka maneno ikakosa pahali pa kupita.

Na fimbo yenyewe ilikuwa ya powo, ule mti watu hukatia fimbo kwa sababu haivunjiki. Unene wa kidole gumba. Moshi ilikuwa imeifanya nyeusi, inang'aa kama nyoka imetoka kwa maji.

Siku moja tukipukuchua mahindi nikauliza mama mkwe hiyo fimbo ni ya nini. Akasema ilikuwa ya mzee wake. Mzee alikufa zamani, mimi sikumkuta. Akasema hiyo fimbo inajua mgongo wake yeye, inajua miguu ya watoto wake wote, na nyumba ya mwanamume haiwezi kaa bila fimbo. Alisema vile mtu anasema nyumba haiwezi kaa bila chumvi. Mikono yake haikuacha mahindi.

Basi mimi nikaanza kupika kama mtu anafanya mtihani. Ugali ikishika chini kidogo, moyo inapiga. Bwana yangu akiinua macho kuangalia kama mvua inakuja, mimi najua anaangalia fimbo. Nilifagia nyumba yote, ukuta, pembe, kila pahali, lakini vumbi ya hiyo fimbo sikugusa. Kila asubuhi naangalia: kama vumbi iko, basi haijateremshwa. Hiyo vumbi ndio ilikuwa inanipea usingizi.

Sasa sisi tulikuwa watu wa Sabato. Ijumaa jua ikizama, moto hauwashwi tena mpaka Jumamosi jua izame tena. Chakula yote lazima iive kabla. Na Ijumaa moja mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na mimi nimeweka nyoyo kwa moto, mahindi na maharagwe, kitu cha kuchemka nusu siku. Kuni zote zililowa. Nikakimbia kwa mama mkwe, zake pia zimelowa, na yeye mwenyewe ameenda kufagia kanisa. Nikapuliza mpaka macho ikawa pilipili. Nikatoa punje moja nikauma, ngumu kama kokoto.

Nikaangalia mlango kuona jua. Jua imeenda chini sana. Na juu ya mlango, kitu moja tu kavu kwa hiyo boma yote.

Watu nikiwaambia husema nilikuwa jasiri. Sikuwa jasiri, nilikuwa na aibu ya kulisha watu watatu mahindi mbichi siku ya Sabato. Nilivuta hiyo fimbo, nikajaribu kuvunja kwa goti, ikakataa, nikaisukuma kwa moto hivyo hivyo nzima. Ikiisha mbele, naisukuma. Iliwaka! Mafuta ya mkono wa mzee ilikuwa imeingia ndani, ikalia kama samaki kwa sufuria.

Nyoyo ilipoiva ndio niliinua kichwa. Pale juu kulikuwa na tundu, na mwanga inaingia.

Bwana yangu alirudi, akaoga, akainama aingie, akasimama hapo hapo. Aliangalia paa. Aliangalia majivu. Akaniangalia mimi. Akafungua mdomo, na kwa nyumba ya mama yake tukasikia wimbo wa kufungua Sabato umeanza. Jua imezama. Siku ya Sabato watu hawagombani. Akafunga mdomo, akakaa, akala.

Alisema neno moja tu. "Imeiva."

Hilo neno karibu linipeleke Karungu kwa miguu.

Kesho yake kanisani nilikaa upande wa wanawake nikiangalia shingo yake. Mhubiri alihubiri mpaka wazee wakasinzia. Mimi nilitaka ahubiri mpaka Jumapili. Mchana mama mkwe akaja kula nyoyo baridi kwangu, akaona tundu, akakula, akaomba chumvi.

Jua ilipozama, bwana yangu akachukua panga akaenda kwa ua, pale powo zilikuwa. Nikasikia panga, chwak, chwak. Nikafunga kitambaa yangu ya kichwa ngumu sana, sijui kwa nini, kama kichwa ndio itapigwa. Alirudi na fimbo mbichi, ndefu, anatoa majani akitembea. Na mama yake alikuwa amesimama katikati ya boma.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya ng'ombe, mama."

"Ng'ombe gani?"

Ng'ombe zote za hiyo boma zilikuwa kwa baba yangu Karungu, kwa sababu yangu mimi. Kicheko ilinijia, woga ikaikalia.

Mama mkwe akanyosha mkono. "Leta. Miguu inaniuma."

Akampatia. Angefanya nini? Halafu mama akanigeukia, akaniita vile mke huitwa huku, kwa kwao alikotoka.

"Nyar Karungu, ile ya mzee iliwaka?"

"Iliwaka, mama."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Akageuza ile fimbo mbichi kwa mkono. "Mimi nimeishi chini yake hiyo miaka yote," akasema, "sikujua kumbe inawaka."

Akaenda kwake.

Asubuhi nikamwona akipita kwenda shamba, anagonga chini na ile fimbo mbichi, tak, tak. Alipofika karibu na mlango wetu, ambapo bwana yangu alikuwa anavaa viatu, akagonga kwa nguvu zaidi. Mimi nikaangalia hiyo miguu ya mama mkwe vizuri. Alikuwa hachechemei hata kidogo.