Ester Tluway na Kuta za Loita

Ester Tluway alijifunza kujenga kwa sababu baba yake hakuwa na mtoto wa kiume. Mzee Tluway alikuwa mwashi kwenye mashamba makubwa ya Oldeani na Karatu, akijenga nyumba za vibarua waliotoka Singida, Dodoma na Mbulu. Boriti ilipomwangukia na kumvunja mguu, alihitaji mtu wa kumpandia jukwaa. Mkewe alimshauri atafute kijana wa jirani. Mzee akamtazama binti yake, aliyekuwa amemaliza darasa la saba na kurudi nyumbani kuchunga mbuzi, akampa mwiko wa uashi.

Ester alipokuwa msichana mkubwa, watu wa kijiji chao cha Endamarariek walikwisha kumzoea juu ya ukuta. Nasema walimzoea, sisemi walipenda. Alipanda akiwa amevaa suruali kuukuu ya baba yake, ameikaza kiunoni kwa kamba ya katani, na kitenge alichokuja nacho amekitundika kwenye mti wa jukwaa. Akina mama wengine hawakutaka binti zao waongozane naye kwenda kuchota maji. Hilari, kijana aliyemchumbia, alimwomba aache kazi ile watakapooana. Ester alimjibu kwamba watazungumza siku hiyo ikifika.

Mwaka 1985 mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena baada ya miaka mingi ya kufungwa. Wakristo wachache wa Kimasai wa Loita, ng'ambo ya Loliondo, wakatuma ujumbe kwenye usharika wetu: wanasali juani, wanaomba mikono ya kuwasaidia kujenga kanisa. Vijana wakakubali kwenda kuhudumu kwa mwezi mmoja, kuimba, kufundisha watoto na kujenga. Sisi tulizoea kupokea. Vijana wa Ulaya walikuwa wakija na mahema yao, wakapaka zahanati rangi, wakapiga picha, wakarudi kwao. Safari hii wamisionari tulikuwa sisi, na usharika mzima ulitembea kifua mbele.

Kasoro ilikuwa fundi. Mafundi wawili waliombwa na wote wakakataa. Mmoja alisema wazi kwamba hawezi kuwajengea watu waliochukua ng'ombe wa babu yake. Ester akasimama kanisani akasema ataenda yeye.

Mwinjilisti Simoni, aliyekuwa kiongozi wa safari, alidhani ni mzaha. Alipoona binti haketi, alimjibu kwa upole, maana hakuwa mtu wa ukali.

"Binti Tluway, tunakwenda kwa watu wanaoshika mila. Watatuonaje tukiwapelekea mwanamke wa suruali, amesimama juu ya ukuta wa nyumba ya Mungu?"

"Wataona ukuta," Ester akasema.

Wazee wa kanisa walikaa wakaamua haendi. Baadaye wakalegeza kidogo: kama anataka sana kuhudumu, aende kama mpishi. Ester akawaambia kupika anajua, lakini hakuitwa kupika.

Asubuhi ya safari lori lilipofika mbele ya kanisa, Ester alikuwa wa kwanza kupanda. Aliketi juu ya magunia ya unga, mfuko wa zana zake mapajani. Simoni akamwambia ashuke. Ester hakusogea. Simoni akawatazama vijana, nao wakatazama chini, kwa maana hakuna aliyetaka kumkamata binti wa mtu mkono mbele ya baba yake.

Mzee Tluway alikuwa hapo, ameegemea mkongojo. Wote walijua hakuitaka safari ile. Juzi yake tu alikuwa amefoka kwamba ng'ombe wa marehemu baba yake walivuka kwenda huko na hawakurudi. Akachechemea hadi kwenye lori, akampa binti yake pima maji ya kunyooshea kuta, ile aliyoinunua ujana wake na asiyomwazima mtu.

"Usiiache huko," akasema.

Dereva akawasha injini. Simoni akapanda, akisema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba dada Ester atasaidia jikoni. Ester akaukumbatia mfuko wake wa zana. Simoni akaridhika.

Walipita lango la Ngorongoro, wakapanda kwenye ukungu wa ukingo wa kreta huku meno yakigongana kwa baridi, kisha wakateremka nyikani, na vumbi likawapaka wote rangi moja. Walilala Wasso, karibu na mpaka. Kesho yake walivuka mpaka, wakafika Loita jua likiwa bado juu.

Aliyewapokea alikuwa mzee Sankale, kiongozi wa Wakristo wa pale. Alipokwisha kusalimia kila mmoja, aliuliza, "Fundi ni yupi?"

Simoni akakohoa. "Mzee, vijana wetu watajitahidi. Huyu dada atatupikia."

"Fundi ni mimi," Ester akasema.

"Utuwie radhi, mzee," Simoni akasema haraka. "Binti huyu ni mkaidi kidogo."

Sankale alimtazama Simoni, akamtazama Ester, akarudi kwa Simoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyepotea njia.

"Kwani kwenu nyumba hujengwa na nani?"

"Na wanaume, mzee."

Sankale akageuka akasema neno kwa Kimasai. Wanawake waliokuwa wamekusanyika nyuma yake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja wao, Nosim, mama mtu mzima aliyejua Kiswahili cha kuuzia shanga Narok, akaja mbele akaugusa mkono wa Ester, akazisikia sugu zake.

"Hapa nyumba zote tunajenga sisi," akasema. "Mwanamume anajua nini juu ya nyumba? Yeye anaingia tu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja jiko tena. Ester alichora msingi, akapiga kamba, na akina mama wa boma wakafyatua matofali ya udongo pamoja na vijana. Vijana wa kiume wa Karatu ndio waliopelekwa mtoni na punda kuleta maji, na watoto wa Loita walikuwa wakiwafuata njia nzima, maana hawakupata kuona jambo kama hilo. Hilari, aliyekuwa amekuja na wanakwaya, alilichukia zoezi hilo. Alikuwa na sauti nzuri kuliko wote kwenye kwaya, na jioni alipoimba watu walitoka maboma ya mbali kuja kumsikiliza, lakini mchana alimpita Ester bila kusema naye.

Kuta zilifika mabegani. Hapo mvua za vuli zikaja mapema na kwa hasira. Waliamka asubuhi wakakuta ukuta wa kaskazini umelala chini, umekuwa tope tena, na ule wa mlangoni umepasuka katikati. Na mwezi ulikuwa umekwisha. Lori likaja.

"Tumefanya sehemu yetu," Simoni aliwaambia vijana. "Bwana atamtuma mwingine kumalizia."

"Bwana alikwisha kumtuma mtu," Ester akasema. "Ndiye huyu unayetaka kumpandisha lori."

"Ester, muda tuliopewa umekwisha."

"Watu hawa tuliwakuta wanasali juani. Leo tunawaachia tope, halafu tukifika nyumbani tutasimama mbele ya madhabahu tuseme tumehudumu. Mimi siwezi kusema hivyo."

"Ukibaki, hubaki kwa jina la usharika."

"Basi nitabaki kwa jina langu."

Hilari akamvuta pembeni. "Mama nitamwambia nini? Kwamba mchumba wangu nimemwacha kwa Wamasai?"

"Mwambie niko kazini. Au baki nawe, Hilari. Maji yanahitajika."

Hilari alitazama mto, akatazama lori. Akapanda lori.

Lilipotoweka, Ester aliketi kwenye msingi akalia. Hakuwa jasiri wa kuchongwa kwa mti. Hakujua Kimasai, hakujua atarudije kwao, na alijua vizuri maneno yatakayosemwa Endamarariek kabla ya Jumapili. Nosim alikuja akaketi karibu naye. Hakumpapasa wala kumwambia anyamaze. Alingoja amalize, kisha akasema ukuta huu unataka mavi ya ng'ombe.

"Mavi?"

"Tunachanganya na udongo, tunapaka nje. Mvua inateleza."

"Mama, hili ni kanisa. Kanisa halipakwi mavi ya ng'ombe."

"Mtoto wa Mungu alizaliwa wapi?" Nosim akauliza.

Ester akafuta macho kwa kitenge. Wakaanza kuzoa tope.

Safari hii waliufunika ukuta kwa ngozi kila jioni, na kila upande uliokamilika Nosim na wenzake waliupaka papo hapo kwa viganja, wakiimba. Mabati yalitoka Narok. Kabla ya Krismasi watu wa Loita waliingia ndani wakasali, na mvua ilipopiga juu ya mabati mzee Sankale alikatiza sala yake ili aisikilize. Ester alikuwa ameketi upande wa akina mama. Baadaye alisema kwamba siku ile hakumwonea wivu mtu yeyote duniani.

Alirudi kupitia Wasso, juu ya lori la maharage, akiwa na pima maji ya baba yake. Alikuta uchumba umevunjwa. Mama yake Hilari alisema hawezi kumpokea mkwe aliyelala ugenini peke yake, na Hilari hakumpinga. Ester aliumia, tena sana, lakini hakwenda kubisha hodi.

Kisha wazee wa kanisa wakamwita. Makosa yalikuwa kumwasi kiongozi, kukaa ugenini bila ruhusa, na suruali. Walimtaka atubu mbele ya usharika.

"Nina mengi ya kutubu, wazee wangu," akasema. "Nina hasira, na nilimsema vibaya mama yake Hilari. Hayo nitayatubu Jumapili. Kwa kubaki Loita sitatubu."

"Hata kama utatengwa na Meza ya Bwana?"

"Mkinitenga mtanitenga. Lakini kwenye benchi nitaketi."

Wakamtenga. Kwa desturi, mtu aliyetengwa hukaa nyuma, na wakati wa Chakula cha Bwana hutoka taratibu. Ester aliketi benchi la mbele kabisa, na watu walipokwenda mezani yeye alibaki pale pale, mgongo wima, kila mtu akampita. Mara ya pili mzee Tluway, ambaye hakuwa na kosa, alikuja na mkongojo wake akaketi kando ya binti yake, naye hakuinuka. Wengine walisema ni kiburi cha ukoo. Huenda kilikuwa kiburi kweli.

Ilichukua mwaka na zaidi. Mchungaji mpya alipokuja, aliwauliza wazee binti yule amefanya dhambi gani. Mmoja akasema suruali. Mwingine akasema ni yale mambo ya Loita. Mchungaji akataka kujua mambo gani ya Loita, na Simoni, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema, "Alijenga kanisa, Mchungaji. Sisi tulirudi." Mchungaji akamfungulia Meza ya Bwana.

Jumapili iliyofuata Ester alikwenda mezani mbele ya watu wote, kitenge juu, suruali chini, na miguu ya suruali ilionekana. Jumatatu yake alikuwa juu ya ukuta wa duka moja Karatu mjini, akimgombeza msaidizi wake kwa kuchanganya udongo mwepesi mno.