Siku Nilipompelekea Adui Mkate

Naandika haya mwenyewe, na shule nilikaa miaka minne tu, kwa sababu huku mtaani kwetu Kamalondo wameishayasimulia sana na wanayasimulia vibaya. Aibu ni yangu, kwa hiyo acheni niieleze mimi.

Mimi ni fundi wa vyuma. Milango mingi ya commune ya Kenya (mtaa wa jirani hapa mjini, si ile nchi) imetoka mkononi mwangu, na atelye, yaani karakana yangu, niliianza na mashine ya kuchomelea ya kuazima, hakuna aliyenisaidia. Mwanangu Didier alifanya kazi nami miaka sita, kisha akaenda Kolwezi kumfanyia kazi mtu mwingine. Hakusema sababu, nami sikuuliza (kiburi). Mwaka huu nilipovunjika mguu alikuja kunitunza, na ili nisipige kelele mchana kutwa akanifundisha mchezo wa vita kwenye kompyuta yake. Si ule wa kupiga risasi ovyo. Humu jeshi lina malori, lori lina mafuta, askari anataka mkate na viatu, na kila kitu unaweza kukiamuru mwenyewe kimoja kimoja, au ukaiachia kompyuta na wasaidizi wako wapange. Mimi sikuachia hata kiatu, na nyumbani nilishinda kila siku.

Mguu ulipopona nikamwambia, "Rudi, mwanangu. Atelye ni yako, utaongoza weye."

Akatabasamu bila furaha. "Papa, weye hauwezi kuachia muntu kitu."

"Mimi?"

"Basi tuone. Siku ya posho tutaenda kucheza na bale ba ku cyber. Weye utakuwa général, miye nitashika upande wa muto. Ukiniachia ule upande mpaka mwisho, ninarudia."

Nikakubali. Nilimtaka arudi kuliko kitu chochote.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, cyber ilijaa, vita vyetu vikawekwa ukutani kwa projekta watu wote waone. Kila zamu ilikuwa dakika kumi. Zikiisha, amri ulizotoa ndizo hizo. Zamu tatu za kwanza nilitulia, na Didier aliendesha upande wake vizuri hadi vifaru vyake vikaanza kuvuka daraja. Zamu ya nne nikaona lori lake moja la mafuta limesimama, tangi nusu. Lori moja tu! Nikajiambia, nitalirekebisha hili, hata hatajua.

Nikalichukua. Kumbe ukichukua lori moja la msafara, msafara wote unakuja mikononi mwako, na malori zaidi ya sabini yakasimama yakiningoja mimi, nami badala ya kuyarudisha nikaanza kuyaamuru moja moja, la mafuta hapa, la mkate pale, na dakika zinakwisha.

"Papa, unirudishie malori," Didier akasema polepole.

"Ngoja!"

"Papa, bifaru biko na kauka mafuta ku daraja."

"Nimesema ngoja! Ni nani alikufundisha kushika nyundo?"

Nilisahau kwamba nimevaa kipaza sauti. Maneno yakatoka kwenye spika zote, na hapo dakika zikaisha. Vifaru vikakwama darajani bila tone la mafuta, na malori yangu kumi na mawili ya mkate, niliyoyabonyezea njia mbaya kwa haraka, yakaenda taratibu, kwa mstari mzuri kabisa, moja kwa moja ndani ya kambi ya adui.

"Papa Général, aksanti ya chakula!" akapiga kelele kijana wa upande wa pili, na watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Didier hakucheka. Alivua vile vya masikioni, akaviweka mezani, akanisubiri mlangoni. Tulipofika karibu na nyumba akasimama.

"Papa, Kolwezi sikuiendea juu ya kuipenda. Kila mulango nilichoma, weye ulikuwa unakata na kuchoma tena. Miaka sita. Bateja banaangalia."

Nilitaka kumwambia kwamba ile milango mingine ilikuwa imepinda kweli. Nashukuru nilifunga mdomo, lakini hata msamaha sikuomba.

Kesho yake nikamsindikiza kwenye basi la Kolwezi. Alikuwa anafunga begi lake kwa kamba, na lile fundo lilikuwa legevu, naapa lilikuwa legevu, na mkono wangu ukaenda wenyewe ukamnyang'anya kamba. Akaniacha nifunge mpaka mwisho, akapanda.

Mchezo ule nimeufuta. Kamba ya mtu mwingine sitaishika tena, wala lori, wala mlango. Atelye inafanya kazi, vijana niliowaajiri wanachoma, nami nakaa nje nikiangalia barabara. Didier amepiga simu mara moja, akauliza mguu unaendeleaje.

Kuhusu kurudi hakusema, nami safari hii sikumwambia la kufanya.