Alizeti Zilizofuliwa

Mama alifungua pindo la kanga yake kule Mvumi, akahesabu mbegu kumi na moja za alizeti na kunimiminia kiganjani.

"Ndizo zilizobaki," alisema. "Bibi yako alizipanda, na mimi nimezipanda. Sasa miguu imenikatalia shamba. Zisipotelee kwako."

Zilikuwa mbegu ndefu zenye mistari myeupe, si hizi nyeusi za kukamulia mafuta zinazojaa maduka ya pembejeo. Nikazifunga kwenye pindo la kanga yangu, kama ninavyofunga nauli, nikarudi kwangu Mikumi.

Kesho yake nililoweka nguo. Mimi ni mtu wa haraka. Mume wangu husema hata chai nainywa nimesimama. Nilikuwa nakamua kanga vidole vilipogusa fundo gumu. Nililifungua kwa meno. Mbegu zilikuwa zimevimba na zinanuka sabuni ya unga.

Nilizisuuza mara tatu, nikazipanda mchana uleule nyuma ya nyumba, upande wa barabara kuu. Halafu nikafanya ujanja ambao mpaka leo unanitia haya. Nilinunua mbegu nyeusi dukani, nikaomba na za alizeti za maua mekundu kwa mtunza bustani wa nyumba ya wageni iliyo jirani, nikazichomeka humohumo. Nilitaka mama akija akute bustani imejaa, asijue kama zake zimeoza. Kwa haraka zangu sikuweka hata kijiti cha alama, kwa hiyo zilipoota, hata mimi sikujua ipi ni ipi.

Za njano zilichanua kwanza, nikadhani zote ni zile nyeusi za dukani. Nyekundu zikafuata, na madereva wa malori wakawa wanasimama kuzipiga picha. Watu walinisifia, nami nilikuwa sina raha. Mama akipiga simu kuuliza zinaendeleaje, nilijibu, "Zimestawi, mama," bila kusema zipi. Huko ni kudanganya tu, hakuna jina lingine.

Akaja mwenyewe, siku aliyokuwa na kliniki huku kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ziko wapi?"

Hakungoja kiti. Alizipita nyeusi, akazipita nyekundu bila kuzitazama mara mbili, mpaka kule karibu na choo palipokuwa na mashina matatu yaliyonizidi urefu, vichwa vimeinama. Mimi nilidhani ni za dukani zimenenepeshwa na choo. Mama alivuta kichwa kimoja, akapangusa maua makavu kwa kidole gumba. Mistari myeupe ikatokea.

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na kabla sijajizuia nikaropoka yote: beseni, sabuni, mbegu za jirani. Kisha nikasubiri kufokewa, maana mama yangu kufoka anajua.

Hakufoka. Alichomoa mbegu moja, akaimenya, akaitafuna polepole huku amekunja uso, kama anayeonja chumvi kwenye mboga.

"Haina sabuni," alisema. Akachomoa nyingine, na nyingine, mpaka kiganja kikajaa. "Haya, lete pindo nikufungie."