Pesa ya Upatu Hailali

Wanawake wa upatu wetu tulikuwa kumi na wawili, na majina yao ninayo yote kichwani, na ya baba zao, na nyumba aliyopanga kila mmoja. Hapa siyaandiki. Wajukuu wao wamejaa mjini, sitaki kufuatwa kuulizwa kwa nini nimeanika shida za bibi ya mtu.

Karibu wote tulikuwa mama ntilie. Mimi nilipikia nyuma ya soko la Kariakoo, wali kwa samaki, wateja wangu makuli na wenye vibanda. Mchele ukiadimika nilisonga ugali wa unga wa njano, wakaula huku wananitukana. Kila mwisho wa mwezi tulichanga, mmoja akapokea. Kanuni yetu ilikuwa moja: pesa ya upatu hailali. Ukiipokea leo, kesho imeshakuwa bati, au gunia, au sare ya mtoto. Na miaka ile mtu akionekana ana pesa imetulia, watu walimtazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa hakawii kuitwa mlanguzi.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, nilimlea mimi. Mama alifariki kwetu Lindi, nikaenda kumchukua mtoto nikaja naye Ilala. Mimi niliishia darasa la tatu, kuandika sawasawa nilikuja kujifunza kwenye kisomo cha watu wazima. Yeye alifika kidato cha sita, akaenda jeshini, akarudi akawa anapiga chapa ofisini. Siku moja akaja na barua. Chuo cha Marekani kimemkubali. Kitamlipia ada na chumba. Chakula, vitabu na nguo za baridi ajitafutie, na pesa ya mwaka mzima waione kwenye karatasi ya benki kabla hawajamtumia fomu ya kuombea viza. Bila fomu ile hakuna viza, na serikalini hapati kibali cha kubadili shilingi kuwa dola.

"Na iwe imekaa benki miezi mitatu, dada," akanisomea. "Imekaa."

"Nimesikia."

Nilisikia, lakini nilisikia kwa masikio yangu ya mtu wa upatu.

Jumapili nikawaita wenzangu uani kwangu. Nikawaambia nataka mzunguko wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, nami nitachanga bila kupokea mpaka uishe. Kisha mkubwa wetu, aliyeuza supu Magomeni, akapiga makofi.

"Mwanamke wewe! Sisi tunapanga foleni ya sabuni, wewe unapanga foleni ya Marekani?"

"Si mimi, bi mkubwa. Ni mtoto."

"Mtoto ana miaka ishirini na mbili hajaolewa!"

"Ndiyo maana anakimbilia mbali," mwingine akadakia. "Wanaume wa huku kawamaliza kuwakataa."

Wakacheka, na nilipoona wanacheka nikajua watatoa. Walivunja vibubu. Mmoja aliuza cherehani. Nikaenda kufungua akaunti kwa jina langu, mara yangu ya kwanza kuingia benki. Nilivua ndala mlangoni. Askari akasema, "Mama, vaa, hapa si msikitini."

Tangu siku ile sikukaa nikatulia. Nilikuwa napika, nanyanyuka, nakaa, nanyanyuka tena. Wali uliungua mara mbili katika wiki moja, makuli wakauliza kama nina mimba. Mchana nilikuwa naiacha sufuria kwa jirani nakwenda hadi benki, siingii, nalitazama jengo tu, narudi. Na wenzangu nao hawakunipa nafasi.

"Pesa yetu haijambo?"

"Imelala."

"Mpaka leo? Ina ugonjwa gani?"

Mwezi wa kwanza haujaisha, mwenzetu mmoja wa Magomeni akafiwa na mumewe. Uani kwake watu wamejaa, hakuna cha kuwalisha. Hakuniomba. Alikaa na kaniki yake akinitazama, basi. Mwezi huo ingekuwa zamu yake ya kupokea. Kesho yake nilikuwa dirishani benki. Baada ya arobaini rambirambi zikakusanywa, akanirudishia, nikairudisha benki siku hiyohiyo. Nikaona nimefanya jambo zuri: mtu kazikwa kwa heshima na pesa ipo palepale. Mwezi wa pili mvua ikashusha ukuta wa mwenzetu aliyekaa bonde la Msimbazi. Nikatoa, ikarudi. Mwezi wa tatu mwingine akaoza binti. Nikatoa, na tuzo za harusi zikairudisha hata wiki haijapita. Mdogo wangu sikumwambia. Ningemwambia nini, na pesa imerudi?

Miezi mitatu ilipotimia tukaenda wawili kuchukua karatasi. Karani, kijana mwenye adabu, akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, akatoa karatasi. Mdogo wangu akaisoma amesimama. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari.

"Dada, hii nini? Imetoka. Imerudi. Imetoka. Imerudi. Imetoka!"

"Na imerudi. Haijapungua hata senti."

"Walisema ikae!"

Nikamgeukia karani. "Mwanangu, huwezi kuandika tu kwamba ipo?"

"Ipo mama, nimeandika ipo. Lakini siwezi kuandika ilikuwa imelala wakati ilikuwa inatembea."

Tukatoka. Yeye mbele, mimi nyuma, namkimbilia na kanga inanianguka, huku namweleza pesa ilikokwenda kila mara.

"Msiba nimeelewa," akawa anasema bila kugeuka. "Ukuta nimeelewa. Harusi, dada! Pesa yangu ya chuo ikanunue mchele wa pilau!"

"Si yako. Ni yao, na wewe wamekukopesha."

Hapo akasimama katikati ya watu, akalia. Sikuwahi kumwona akilia tangu mama afariki. Aliniambia nimemmaliza. Nami niliona kweli huenda nimemmaliza, kwa mkono wangu huuhuu.

Jioni akasema atawaandikia kwamba benki ilikosea. Nikakataa. Yule kijana hakukosea, na pesa ya watu kumi na mmoja sitaisafirisha juu ya uongo. Nikamwambia andika kilichotokea. Akakasirika, akachukua kalamu. Nikamtajia tarehe, nani alifiwa, marehemu aliitwa nani, alifanya kazi gani bandarini, nani walibeba jeneza. Ukuta wa upande gani. Bibi harusi na bwana harusi.

"Dada, Wazungu hawahitaji jina la bibi harusi."

"Andika. Watajuaje kama si uongo?"

Barua ikawa kurasa tano, tukaituma pamoja na karatasi ya benki. Sanduku la posta tulilotumia lilikuwa la Mchaga mmoja mwenye duka la jumla. Nilimwendea kila siku asubuhi, mpaka akachoka. "Mama, ikija nitakuletea mwenyewe. Kizingiti changu unakimaliza." Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Mdogo wangu alikuwa haongei nami ila salamu. Shikamoo, marahaba, basi, kila mtu na sahani yake.

Wiki ya saba yule Mchaga akaja kweli, na aproni yake ya dukani, bahasha mkononi. Mdogo wangu akaifungua. Ndani mlikuwa na fomu, na karatasi ndogo ya mistari miwili. Akaisoma, akakaa chini mchangani na nguo yake ya kazini.

"Wanasema nini? Niambie!"

"Wanasema salio linatosha. Fomu hii hapa."

"Na nini tena?"

"Basi."

"Barua yetu?"

"Hawajaitaja, dada." Akaanza kucheka, analia, anacheka. Akanishika miguu.

Nilimshukuru Mungu. Ila moyo haukutulia. Kurasa tano, na mtu kafa humo ndani, hata pole? Nikavaa kanga nikatoka palepale, nyumba kwa nyumba, Ilala, Kariakoo, mpaka Magomeni. Muuza supu akaniambia, "Pesa yetu inavuka bahari, na sisi hata Unguja hatujafika." Vigelegele vikapigwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule mjane, bado yumo edani, kajifunika. Nikamweleza. Akafurahi kwa sauti ya chini, kisha akaniuliza, "Na jina la marehemu walilisoma?"

"Walilisoma," nikamwambia. "Wametoa pole. Wamekuandikia hasa wewe."

Akaniomba nirudie walivyosema. Nikakaa, nikaanza kumtungia.