Adabu ya Kusindikiza Wageni wa Tovuti

Nilikuwa mlinzi wa lango huko Nakawa miaka mingi, na jambo moja nalijua: kumwelekeza mtu. Ofisi ilipohama, mimi niliachwa kwenye lango la zamani nikisema, "Wamehamia kule, kata kushoto kwenye mashine ya kusaga." Basi binti yetu aliponipigia kutoka Arua kwamba anwani za tovuti zimebadilika, na seva lazima iambiwe iwaelekeze watu kutoka ya zamani kwenda mpya, nilicheka. "Mwanangu, kazi hiyo ndiyo iliyokulea."

Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu ya mbuzi, lakini hiyo ni habari nyingine, na mbuzi mwenyewe alishaliwa.

Tovuti ni ya mke wangu. Yeye husuka makawa ya kufunikia chakula, kama mama zake Wanubi walivyosuka, na kila kawa hulishonea kitambaa chenye anwani, ili mtu aiandike kwenye simu aone rangi nyingine. Anwani za zamani zilikuwa na alama za kuuliza na namba ndefu kama za injini ya gari. Binti akazifupisha, zikasomeka kama maneno ya watu. Tatizo, makawa yenye vitambaa vya zamani yalishafika Nairobi, kwenye duka la mama mmoja.

Binti akanisomea mstari wa kuandika kwenye faili ya seva, herufi kwa herufi, mtoto mchanga akimlilia mgongoni. Mstari ulisema: anayekuja kwa anwani ya zamani apelekwe kwenye mpya, na aambiwe tumehama kabisa, si kwamba tumetoka kidogo. Niliandika kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Nikajaribu, ikafika. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Lakini sisi tuna adabu. Mgeni akiondoka humwachi mlangoni, unamsindikiza mpaka barabarani. Nikawaza: huyu tumemtoa alikozoea, nani atamrudisha? Nikaongeza mstari wa akili yangu mwenyewe: anayefika kwenye anwani mpya arudishwe kwenye ya zamani, kabisa vilevile. Nikaenda kula mukene, dagaa wetu wa ziwani, nimeridhika.

Siku ya tatu yule mama wa Nairobi akampigia mke wangu simu, sauti ikasikika hadi nilipoketi.

"Dada, wateja wangu wakiandika anwani yenu, simu inasema ukurasa unazunguka tu. Wananiuliza kama nyinyi mpo kweli. Kesho jioni ikiwa bado, nayarudisha makawa yote, niweke ya plastiki."

"Yote?"

"Yote, dada. Niwie radhi."

Miezi minne ya vidole vyake hiyo! Mke wangu akanigeukia. "Wee mzee, umefanya nini?"

Nikasema seva imechoka. Nikasema ni mtandao wa Kenya. Nililaumu hata mvua, na siku hiyo jua lilikuwa kali.

"Nisomee ulichoandika."

Nikamsomea. Yeye mambo ya seva hayajui, simu yake yenyewe ni kitochi kisicho na intaneti.

"Mgeni akibisha, unamkaribisha?"

"Ndiyo."

"Akiweka mguu ndani, unamsindikiza?"

"Ni adabu."

"Akifika alikotoka?"

Hapo nikaanza kujikuna. "Namkaribisha tena."

"Bambi, maskini wa Mungu! Na atakula saa ngapi?"

Nikaufuta mstari wangu. Simu yangu ikaendelea kuzunguka vilevile! Nikampigia binti, akanieleza: simu ukiiambia "kabisa," inaamini na kukumbuka, kwa hiyo kila aliyezungushwa lazima afute kumbukumbu za kurasa kwenye simu yake. Mke wangu akanisukumia simu. "Mwambie mwenyewe. Na umwambie ni wewe."

Nikampigia mama wa Nairobi, nikamweleza yote, mpaka lango la Nakawa, maana nikianza sijui kuishia. Akafuta. Akaandika anwani ya kitambaa. Mke wangu alikuwa ameshika ukili bila kusuka.

"Naliona," akasema yule mama. "Jekundu lenye nyeusi. Haya, mwambie dada makawa yanabaki."

Mke wangu akaanza kusuka tena.

"Lakini mzee," mama akaendelea, "wale watu wa langoni kwako, walikuwa wanafika?"

Nikakiri: "Wengine, mama."

Mke wangu ndiye aliyecheka kwanza.